Tundu la Hela ya 1909

Shemeji Isidori aliweka sarafu tatu juu ya kitambaa cha meza, akazipanga moja moja kwa kidole, kisha akasema, "Chagua mwenyewe, Mwalimu. Mimi sina haraka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nilipoziona nilirudisha birika juu ya jiko la mkaa lililokuwa pale kizingitini.

Zilikuwa kubwa kama kifuniko cha chupa ya mafuta ya kupikia, na zote tatu zilikuwa za kijani. Si kijani cha majani. Kijani cha samawati, kama dawa inayopigwa kwenye kahawa.

"Zimetoka Yaeda Chini," Shemeji alisema. "Mzee mmoja alikuwa anachimba nguzo za zizi, akapiga jembe kwenye chungu. Miaka tisini na kitu zimelala ardhini, Mwalimu. Zimechoka. Zinatafuta kitanda."

Mwalimu Bura alicheka. "Vitanda vyangu vimejaa. Kimebaki kimoja tu."

"Ndicho hicho nilichosikia."

Alisikia kwangu.

Mwalimu Bura alistaafu kabla mkoa wa Manyara haujakatwa kutoka Arusha. Alikaa peke yake pale Bashay, mkewe alikuwa ametangulia, na watoto wake walikuwa mbali. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Aliona mwanga na aliona kama mtu amesimama au amekaa, lakini hakuweza kusoma. Dada yangu Letisia alisikia kanisani kwamba anatafuta msichana wa kumpikia, akanileta kutoka Masakta. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, mama alipofariki, na tangu hapo nilikuwa nachunga ndama wa Shemeji Isidori, mume wa Letisia.

Kitu ambacho Mwalimu alikipenda kuliko vyote ni ubao. Ulikuwa ubao wa mti wa loliondo, na seremala alikuwa ameuchonga matundu kumi na nane, kila tundu kwa kipimo cha sarafu yake. Tundu la kwanza lilikuwa na pesa ya Wajerumani yenye tai, ya mwaka 1890. Zilifuata hela ndogo, mwaka kwa mwaka. Mwalimu aliniambia kwamba neno hela tunalolisema kila siku sokoni lilitoka kwenye sarafu hizo. Tundu la mwisho lilikuwa na sarafu ya njano yenye herufi T, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, pesa ilipokuwa haifiki kutoka Ulaya. Kati ya hayo lilikuwepo tundu kubwa lililokuwa wazi. Hela tano ya shaba, mwaka 1909. Ile ya 1908 alikuwa nayo. Ya 1909 alikuwa ameitafuta tangu angali kijana.

Ijumaa ubao ule ulikuwa unakwenda shuleni alikofundisha miaka ishirini na mbili. Walikuwa wametengeneza kabati la kioo. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Vere," Mwalimu aliniita. Jina langu ni Verediana lakini yeye aliniita hivyo. "Njoo unisomee."

Nilikwenda. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, miguu ameinyoosha, shati jeupe, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Siku hizo pale Bashay simu ilishika mpaka upande kilimani, lakini yeye aliivaa tu.

"Shikamoo Shemeji," nilisema.

"Marahaba. Umenenepa, chakula cha walimu si mchezo!" Alicheka peke yake.

Mwalimu alinipa sarafu ya kwanza. Alikuwa na maswali yake matatu, na hakuwahi kuyabadilisha.

"Ina taji?"

"Ina taji, Mwalimu."

"Mwaka?"

"Elfu moja mia tisa na tisa."

"Herufi chini?"

"J."

"J," alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Ya pili."

Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Nilijibu kweli kila swali. Maswali yale matatu hayakuwa na nafasi ya kile nilichokuwa nacho.

Kidole gumba changu kilikuwa kimeshakiona. Juu ya ule ukijani kulikuwa na vimistari vidogo vilivyokatizana, kama mfumo wa nyuzi za kitambaa. Mtu alikuwa amezipiga brashi, lakini katikati ya herufi unyuzi wa katani ulikuwa umebaki, mfupi kama kope. Niliujua ule mfumo. Niliujua kwa sababu mimi ndiye niliyelishona lile gunia.

Ilikuwa Pasaka. Letisia alikuwa amejifungua na Mwalimu aliniruhusu nikakae naye wiki mbili. Shemeji alinipa kipande cha gunia chenye kitu kizito ndani, akaniambia nikishone mdomo, nikichimbie kwenye zizi chini ya mbolea, na kila asubuhi nimwagie mkojo wa ng'ombe. "Ni dawa ya mifugo," alisema. "Usifungue, itaharibika." Nilishona. Vidole vyangu vilihisi vitu vya mviringo ndani, na nilikuwa nimeshika hela za Mwalimu zaidi ya mwaka mzima. Nilijiambia ni vifungo vya shaba, au ni bangili, kwa kuwa kuna mhunzi kule tambarare za Hanang aliyekuwa anamyeyushia Shemeji makufuli mabovu na koki za maji. Nilijiambia mambo mengi. Wiki mbili nilimwagia mkojo, na siku ya kuondoka nililichimbua gunia nikampa, bila kuuliza neno.

Na kabla ya hapo, Krismasi, nilikuwa nimekaa jikoni kwa dada yangu nikizungumza. Mimi ni mtu wa maneno machache, watu hunitania kwamba nimezaliwa bila ulimi. Lakini siku ile nilijisikia ninajua kitu ambacho wengine hawakijui. Niliwaeleza ubao, matundu, mwaka uliokosekana. Niliwaeleza hata hela ya baba yake Mwalimu. Shemeji Isidori alikuwa anamenya muwa, na aliacha kumenya.

"Zote tatu ni za kweli kwa mwaka na herufi," Mwalimu alisema sasa. "Isidori, umenifikisha mahali sikutegemea kufika. Sasa sema unachotaka."

"Sitaki pesa, Mwalimu. Wewe ni kama baba. Nimesikia unazo mbili za Tabora. Moja iko kwenye ubao. Ile nyingine kuna Mzungu Arusha anaitafuta. Tubadilishane tu, moja kwa moja. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anatoa alichonacho anachukua anachokipenda."

Jogoo aliwika uani akawika tena.

Ile iliyokuwa kwenye ubao ilikuwa imechakaa, taji lake limelika. Ile nyingine ilikuwa ya baba yake. Baba yake alibeba mizigo ya jeshi la Wajerumani mpaka Tabora na kurudi, na mwisho wakamlipa sarafu ile moja. Aliporudi nyumbani Waingereza walikuwa wameshaingia na hakuna duka lililoipokea. Kwa hiyo haikuwahi kununua kitu. Ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Mwalimu aliitunza kwenye kitambaa, ndani ya sanduku la chuma, chini ya kitanda.

"Ubao watausoma watoto," alisema baadaye, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu. "Hii ya baba nitaionyesha nani? Ngoja niilete."

Aliinuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani. Tukamsikia akivuta sanduku.

Shemeji Isidori hakugeuka kunitazama. Aliongea akiangalia sarafu zake.

"Letisia anakusalimia. Mtoto ameanza kukaa."

"Asante."

"Unatetemeka nini? Malaria?"

Nilivipanga vikombe mezani.

"Mama yenu alipofariki, nani alitoa ng'ombe wa msiba?"

"Ni wewe, Shemeji."

"Ukalala kwa nani?"

"Kwako."

"Basi." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ndiyo iliyonitisha. "Watu wa nyumba moja hawachomeani paa. Na kama mtu akiuliza nani alizipika hizi, mikono iliyozimwagia si yangu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mimina chai."

Nilimimina. Nyingine ilimwagikia sahani. Mwalimu alirudi na kitambaa mkononi, akakaa, akakifungua kona moja moja. Hela ya Tabora ilikaa katikati ya kiganja chake, njano, safi. Aliinama akasema maneno mawili kwa Kiiraqw. Alikuwa anamwomba baba yake samahani. Shemeji Isidori ni Mwiraqw kama sisi, alielewa, na hata hivyo alinyoosha mkono.

"Bado," Mwalimu alisema. "Kwanza nichague. Zipo tatu, tundu ni moja. Vere, nichagulie iliyo nzuri kuliko zote. Macho ni yako, mimi nimeazima tu."

Alizisukuma zote tatu upande wangu.

Lazima nieleze jambo jingine. Wiki yangu ya kwanza katika nyumba ile nilifanya kosa kubwa. Nilimwona Mwalimu akizishika hela zake kwa upendo, na nilimwonea aibu, kwa kuwa zilikuwa nyeusi kama chungu cha zamani. Kwetu mgeni haonyeshwi chombo kichafu. Msichana anayejua kazi hujulikana kwa sufuria zake. Basi alipokwenda kanisani nilichukua hela saba, nikachota majivu na mchanga, nikazisugua kwa gunzi mpaka zikawa nyekundu kama waya wa umeme ukimenywa. Nikazianika juani kwenye kichanja cha vyombo, nikasubiri kusifiwa. Mwalimu alizipitishia kidole, akakaa chini. Hakusema na mimi mpaka kesho yake jioni. Kisha alisema, "Kosa ni langu. Nilikuonyesha hela, sikukuambia kwa nini ni nyeusi. Ule weusi ndio umri wake. Sarafu haiogeshwi." Kuanzia siku hiyo alianza kunifundisha.

Sarafu haiogeshwi. Nilizitazama zile tatu. Nilitaka kusema, na neno halikutoka. Nilimwona Shemeji Isidori akiinua kikombe, jicho moja juu ya ukingo, limenikazia.

Nilichukua ile ya katikati. Nilichuchumaa penye jiko kizingitini, nikachota majivu kwa kiganja. Yalikuwa bado ya moto chini. Nikatemea mate na nikaanza kusugua.

"We! We mtoto!" Shemeji aliruka, kikombe kikaanguka. "Mwalimu, anaisugua! Anaharibu mali yangu!"

"Vere!" Mwalimu alisimama akishika meza. "Verediana! Unafanya nini tena?"

Lile neno *tena* lilinichoma kuliko majivu. Lakini sikuacha. Shemeji alinishika bega akanivuta, nikakunja ngumi juu ya sarafu, nikaendelea kusugua kwa kidole gumba ndani ya ngumi. Ukijani ulikuwa unatoka kama unga uliolowa. Ule wa kweli, wa ardhini, Mwalimu aliwahi kunionyesha kwenye ile pesa yenye tai. Ulishika kama rangi ya sahani, hata kwa ukucha haubanduki.

"Ni ya njano," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Mwalimu, ni ya njano ndani. Zako zilikuwa nyekundu."

"Hee!" Shemeji alicheka, lakini pumzi ilikuwa imemkatika. "Njano! Na hiyo ya Tabora hapo mezani ni rangi gani? Si njano? Shaba ni shaba. Mtoto wa darasa la tano anamfundisha Mwalimu!"

Mwalimu aligeuza uso upande wangu. Alisubiri. Na kweli ile ya Tabora ilikuwa njano. Wajerumani wenyewe waliokoteza shaba yoyote waliyoipata. Nilimwona Mwalimu akilipima jambo lile, nikamwona anaanza kuelekea upande wa Shemeji, si kwa mwili, kwa uso tu. Alikuwa anataka sana ziwe za kweli.

Basi hakukuwa na njia nyingine.

"Nilizizika mimi," nilisema.

Shemeji aliniachia bega.

"Masakta, kwenye zizi, Pasaka. Nilishona gunia mwenyewe na nikamwagia mkojo wa ng'ombe wiki mbili. Shika hizo nyingine, Mwalimu. Juu yake kuna alama za gunia. Tena pembeni ya taji kuna pengo dogo, kama jino la mtoto. Zote tatu zinalo. Mahali pamoja."

"Anakudanganya," Shemeji alisema. "Ana chuki na mimi tangu zamani. Nimemlea—"

"Nyamaza kidogo, Isidori."

Mwalimu alikaa. Alichukua mbili zilizobaki, moja kila mkono, akazipapasa kwa vidole gumba. Alikwenda polepole, kuzunguka ukingo, kisha juu, kisha taji. Alipofika kwenye pengo alisita. Mkono wa kulia ulisimama, na wa kushoto ukasimama mahali pale pale. Alinyoosha mkono nikampa ile niliyoisugua. Akaipapasa na yenyewe.

"Sarafu tatu haziwezi kuumia mahali pamoja," alisema. "Hawa ni watoto wa mama mmoja." Aliziweka chini. "Mhunzi alikandamiza sarafu ya kweli kwenye udongo ili apate umbo. Ile sarafu ya kweli yenye pengo. Iko wapi?"

Mkono wa Shemeji Isidori ulijisahau. Ulikwenda kifuani, ukagusa mfuko wa shati, ukarudi.

"Iko mfukoni, Mwalimu," nilisema. "Mfuko wa kushoto."

Sijui ulimi ule niliutoa wapi.

Mwalimu alipumua. Nilimwona mtu mzee kabisa, na nilimwona kijana pia, yule aliyeanza kutafuta. "Isidori. Iweke hiyo mezani na uchukue ya baba yangu. Ya kweli kwa ya kweli. Nitasahau mengine yote."

Ilikuwa nafasi yake. Hata mimi nilimwombea aichukue. Alitazama meza, akamtazama Mwalimu, nikaona anapiga hesabu machoni.

"Hii yangu nayo ina mtu wake Arusha," alisema mwisho. Alizikusanya zile tatu kwa kufagia na mkono, akazitia mfukoni, zikagongana. Mlangoni alisimama juu yangu. "Wewe. Masakta usikanyage. Si kwa harusi, si kwa msiba. Umesikia?"

"Nimesikia, Shemeji."

Tulisikia pikipiki yake ikipiga kelele mpaka kwenye kona ya barabara.

Nilianza kuokota vipande vya kikombe. Kiganja changu kilikuwa kimebabuka. Mwalimu alikuwa anakunja kitambaa juu ya hela ya baba yake, kona moja moja, na hakusema asante. Aliniuliza, "Ulijua tangu Pasaka?"

"Nilihisi."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na habari za tundu langu alizipata wapi?"

"Kwangu."

Nilifikiri ataniambia nifunge mizigo. "Lete maji ya baridi uweke huo mkono," alisema. "Nasikia harufu ya ngozi."

Alhamisi aliniambia nichukue kipande cha karatasi nene na kalamu. Kila tundu lilikuwa na maandishi yake chini, ya mwandiko wa Mwalimu mwenyewe alipokuwa bado anaona. Tundu la 1909 halikuwa na kitu.

"Andika mwaka," alisema. "Halafu andika: Ipo. Haijafika."

Niliandika kwa herufi kubwa ili zisipinde. Ijumaa waliubeba ubao kwa gari la parokia. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Watoto walipopita mbele ya kabati niliona wengi hawatazami hela zilizopo. Walikuwa wanaweka kidole kwenye kioo, juu ya tundu lililo wazi, wanasoma mwandiko wangu.

Wiki iliyofuata lori la mahindi lililotoka Katesh lilisimama pale njiani na utingo akanishushia furushi. "Shemeji yako amesema hivi ni vitu vyako vyote, usirudi," alisema. "Dada yako alikuwepo. Hakusema kitu."

Nililifungua kitandani. Nilitegemea nguo zilizotupiwa tupiwa. Zilikuwa zimekunjwa, mikono ndani, kola juu, kama Letisia alivyonifundisha nilipokuwa mdogo. Rozari ya mama ilikuwa katikati, isichubuke. Chini kabisa kulikuwa na gauni langu la Jumapili, lile lililokuwa fupi kwangu tangu mwaka juzi.

Nilijipimia. Pindo lilikuwa limeshushwa, limeshonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa rangi ile ile. Lilinifika chini ya magoti.